Ncha Zinatazama Mlangoni

Mama,

Nimeshika kalamu tangu nilipokunywa chai na bado sijakaa sawasawa. Naandika neno, nasimama, nakwenda kuchungulia nje kama kuna mtu aliyeniita, narudi. Hakuna aliyeniita. Ni kuku wa jirani yako Ma Anjelina, wale wale, wanachakura chini ya migomba yako kana kwamba kibanja kimekuwa chao. Ungekuwepo ungewarushia gunzi. Nimewarushia mimi kwa niaba yako, nikakosa, kama nilivyokuwa nikikosa siku zote.

"Mpola," ungeniambia. Polepole. Nilipomenya ndizi kwa haraka ili nikacheze, mpola. Nilipokuja kukuamkia na mtoto mgongoni huku basi likipiga honi kule barabarani, mpola. Na zaidi ya yote nilipotandika nyasi sakafuni. "Mpola, Adventina. Nyasi zimeshakatwa, hazikimbii tena. Wewe unakimbizwa na nani?"

Sijui, Mama. Hata leo sijui nakimbizwa na nani. Lakini tangu tulipokuzika, mikono yangu haitulii. Inafagia palipofagiliwa. Inafungua kanga na kuikunja upya. Nimekuja kukuandikia kwa sababu kuna jambo mikono hii imelifanya mbele ya kijiji kizima, na hakuna mtu mwingine wa kumweleza atakayecheka mahali panapostahili kicheko na kunyamaza mahali panapostahili kimya.

Kwanza nikupe habari za hapa, maana uliondoka mambo yakiwa nusunusu. Nyumba za kijiji cha ujamaa zimesimama. Zimepangwa mistari iliyonyooka kutoka shuleni mpaka barabarani, zote mlango upande mmoja. Uliziona zikiwa fito tu na tayari ukasema zinafanana na watoto wa shule wanaosubiri kukaguliwa kucha. Sasa zina mabati, na mvua ikinyesha mtu hasikii anachosema mwenzake. Watu waliohamishiwa hapa Kimwani kwa malori wameingia. Wengine wamekwisha kupanda migomba nyuma ya nyumba, lakini unajua mgomba hauna haraka na njaa, na mahindi hayana mahali pa kupandwa. Jirani mpya wa hapa anaitwa Sesilia. Ana watoto ambao kila nikiwaona nadhani wameongezeka. Mume wake alitangulia mbele ya haki kabla hawajahama. Ukimwona ungempenda, ingawa siku ya kwanza alinikera sana. Nitafika huko.

Mwenyekiti wa kijiji sasa ni Ta Projestus. Ndiyo, huyo huyo binamu yako, aliyekuwa akija kunywa rubisi yetu ya ndizi na kulalamika kwamba kiti chetu kinamchoma. Amenunua kalamu mbili na anazivaa zote mfukoni. Usicheke. Anafanya kazi, Mama, nimemwona. Analala macho akiwaza watu hawa watakula nini.

Na hapo ndipo rweya ilipoingia.

Walipoanza kuzungumzia rweya nilikuwa Ijuganyondo, nimerudi kwa mume wangu baada ya msiba. Baba Koku ndiye aliyeleta habari, amezisikia sokoni Bukoba kwamba trekta linakwenda Kimwani. Aliniona nilivyokuwa nazunguka ndani ya nyumba nikifuta meza iliyo safi, akasema, "Nenda. Huku unanimalizia meza." Nikaja.

Mkutano ulikuwa chini ya paa la shule, na kwa kuwa bwana shamba si Mhaya, kila kitu kilisemwa kwa Kiswahili. Wazee walizungumza Kihaya, Ta Projestus akatafsiri. Bwana shamba akauliza, kijana mpole kabisa, anayeandika kila anachoambiwa, "Na kule juu, kile kilima cha majani, mnakiitaje?" Watu wakajibu kwa pamoja, "Rweya." Akauliza maana yake ni nini. Ta Projestus akafikiri kidogo, akasema, "Ni uwanda mtupu."

Mtupu, Mama.

Basi. Neno likaandikwa. Na ukiandika mtupu, kinachofuata ni kujaza. Ikaamuliwa shamba la pamoja lianzie juu kwenye chemchemi na kushuka mpaka barabarani, trekta lilime lote, apatikane mgeni kutoka mkoani aje aone jembe la kwanza likiingia ardhini.

Nilisimama nikataka kusema. Nilijua la kusema, nilikuwa nalo lote kichwani: kwamba kule ndiko kwenye kabati lako. Unakumbuka ulivyokuwa ukipaita? "Nakwenda kabatini," na unachukua mundu na kamba. Nilipokuwa mdogo niliamini kweli kuna kabati kule juu, lenye milango, na nilikasirika uliponipeleka mara ya kwanza nikaona upepo tu. Ukanionyesha. Hapa nyasi nyembamba zinazong'aa kama nywele zilizopakwa mafuta. Pale zenye vichwa vyekundu, za kukata kabla hazijapukutisha mbegu. Na karibu na chemchemi zile laini za kijani, ambazo ulikata kwa kuruka, kipande ukikata, kipande ukiacha, kwa sababu korongo wenye taji wanalala humo, na kwa sababu ulisema maji nayo yanataka kufunikwa, si watu peke yao. Ulipokata mwaka huu hukukata mwaka ujao. Ulikuwa na kilima kizima kichwani mwako kama wengine wanavyokuwa na majina ya wajukuu.

Lakini niliposimama, Sesilia alikuwa amekaa mbele yangu. Aligeuka kabla sijafungua mdomo. Nadhani alikuwa ameshasikia mimi ni binti wa nani. Akasema, si kwa ubaya, kwa uchovu tu, "Dada, wewe una nyasi. Mimi nina watoto."

Nikakaa.

Ningemjibu nini? Wewe ungemjibu nini? Nimegeuzageuza swali hilo wakati nachota maji, wakati nakoka moto. Nilikasirika siku nzima na jioni sikujua nimemkasirikia nani. Ulikuwa ukiwapa watu chakula kwanza na maneno baadaye, najua. Lakini pia ulimfukuza mtu na mundu mkononi, yule aliyetaka kuchoma rweya kabla ya wakati wake ili ng'ombe wake wapate majani machanga. Sikujua nikufuate wewe yupi.

Wiki ile ile Ta Projestus akaja hapa. Akakataa kiti, ati kinachoma. Akasema ofisi mpya ya kijiji imekwisha, ina milango na madirisha, lakini chini ni vumbi, saruji haikutosha. Na mgeni anakuja. "Binti wa Paskazia yupo kijijini, halafu mgeni akanyage vumbi? Watu watanisema mpaka kaburini, na huko nako nitamkuta mama yako ananisubiri."

Nikamwambia, "Ta Projestus, nyasi nizikate wapi? Kule mnakotaka kulima?"

Akavua kofia, akaivaa tena. "Kata kabla hawajalima," akasema.

Nilitaka kumfukuza. Badala yake nilikubali, na nikueleze ukweli ni kwa nini: si kwa heshima ya mgeni, si kwa heshima ya ukoo. Ni kwa sababu mikono ilikuwa haina kazi, na yeye aliitajia kazi inayoijua.

Nikapanda kabatini na mundu wako. Mpini wake umelika mahali pa kidole chako gumba, na kidole changu hakikai hapo vizuri, kinateleza. Nilikata kwa kuruka, kama ulivyofundisha, halafu nikasimama katikati nikajiuliza naruka kwa ajili ya nani, ikiwa trekta halitaruka. Bado nikaruka. Nikafunga mizigo nikaiteremsha.

Nilipoanza kutandika ofisini nilikufukuza kichwani ili nifanye kazi, na wewe ulikataa kutoka. Ulikaa pale penye dirisha. Nilikumbuka siku ya Uhuru, ulipotandika darasa kubwa la shule, nami ni mtoto nikikupitishia matita. Ilikuwa msimu wa senene, kila nyumba ina lundo la mabawa yaliyonyofolewa, na wewe ulipita nyumba hadi nyumba ukiyaomba. Watu wakadhani huzuni ya kufiwa na Baba imekugeuza akili. "Paskazia, mabawa hayaliwi!" Ukayapanga ukingoni mwa nyasi, ya kijani hapa na ya kahawia pale, yakazunguka chumba kizima kama pindo la nguo. Padre akaingia, na upepo ukaingia naye, na mabawa yakaruka yote yakawakaa watu kwenye nywele na kwenye suti za kuazima. Watoto tukapiga chafya na kucheka mpaka tukatolewa nje. Wewe ulicheka kuliko sisi. Ulisema nchi imepata mabawa. Mzee mmoja aliliona hilo kuwa maneno ya siasa akapiga makofi.

Nilikumbuka na Bukoba, yule mwalimu wa sanaa aliyekuja na kamera akakuomba utandike ukumbi kwa ajili ya maonyesho. Alikuita msanii. Ulirudi nyumbani ukiniuliza msanii ni nani, nikakueleza, ukasema, "Basi hata ndege anayejenga kiota." Ulitandika ng'ombe mwenye pembe ndefu bila kutumia rangi yoyote, kwa kugeuza tu nyasi, hizi zimelala huku na zile zimelala kule, ili mwanga ukipita ng'ombe aonekane, na mtu akihama mahali aliposimama ng'ombe apotee. Tulipofika asubuhi ya maonyesho mwalimu alikuwa amezungushia kamba ili watu wasikanyage. Ukasimama. "Nani kafunga mbuzi humu?" Ukafungua kamba, ukaingia katikati, ukawaita wale mabwana na viatu vyao na wale mabibi na visigino vyao: karibuni, karibuni ndani. Kufikia alasiri ng'ombe alikuwa amekwisha, mwalimu anakaribia kulia, na wewe umekaa ukutani umeridhika kama mtu aliyelisha wageni wakashiba. "Pole, mwalimu," ulimwambia. "Zitaota nyingine."

Picha aliyoipiga ninayo. Haionyeshi kitu. Kiwingu cheusi na cheupe, na mguu wako pembeni.

Zitaota nyingine. Nilikuwa nikiliwaza hilo huku natandika, na machozi yakaanza, nikayaacha yatoke, hakukuwa na mtu. Mikono ikaendelea yenyewe. Shika, tikisa, laza. Shika, tikisa, laza. Kwa mara ya kwanza tangu msiba mikono ilikuwa imetulia, Mama, ilikuwa inajua. Nilimaliza jua likiwa bado juu, nikafunga mlango, nikaenda kuoga. Sikutazama nyuma. Wewe ulifundisha kutazama: simama mlangoni, macho yawe ya mgeni. Sikutazama.

Siku ya mgeni nilichelewa kidogo. Nilipokaribia ofisi nikaona jambo ambalo halikuwa la kawaida. Wanaume walikuwa nje wamesimama wamenyamaza. Vijana wa ngoma wameshikilia ngoma bila kuzipiga. Nikapenya mpaka mlangoni.

Ndani, Ma Anjelina alikuwa ameketi chini kandokando ya ukuta, miguu ameinyoosha mbele, kitambaa amekivua kichwani amekifunga kiunoni. Pembeni yake mama mwingine vilevile. Na mwingine. Kila mwanamke mzee aliyefika mlangoni alitazama chini, akasita, akafungua kitambaa, akaingia kimya akakaa. Hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake kitu. Walikuwa wamekaa kama walivyokaa kwako.

Ta Projestus akanishika mkono, kalamu zake zote mbili zinatetemeka mfukoni. "Adventina, umefanya nini?"

Ndipo nikatazama chini, kwa macho ya mgeni.

Ncha za nyasi zilikuwa zinatazama mlangoni.

Wewe ndiye uliyenifundisha. Mgeni akija, nyasi unazilaza mashina yakiwa mlangoni na ncha zikielekea ndani, ili zimshike mkono zimpeleke kwenye kiti. Mtu akifa unazilaza kinyume, ncha zikielekea nje, kwa sababu anayesindikizwa anatoka. Hatutandiki hivyo kwa jambo lingine lolote. Nilikuwa nimewahi kutandika peke yangu nyumba moja tu maishani mwangu, na nyumba hiyo ni yako, siku ile, kwa kuwa aliyekuwa akitandika nyumba za misiba hapa ni wewe, nawe ulikuwa umelala kitandani umefunikwa. Mikono yangu ilijifunza siku hiyo. Ilichofanya ofisini ni kurudia.

Au haikukosea. Sijui. Nimejiuliza mpaka nimechoka. Nilipokuwa nikitandika, nililia kama mtu anayeaga. Labda mikono ilisikia.

Hapakuwa na muda wa kugeuza. Gari likasimama, mgeni akashuka. Mtu mzima, mnene kidogo, amevaa suti ya Kitanzania, uso wa mtu aliyelelewa na bibi. Akatabasamu, akafika mlangoni, akaona chumba kizima cha akina mama wameketi chini hawasemi. Tabasamu likaondoka. Akavua viatu. Hakuna aliyemwambia avue, Mama. Akapita kando kando, akatafuta mahali, akakaa chini pamoja nao, na maofisa wake nyuma wakaanza kuhangaika na kamba za viatu.

"Poleni sana," akasema. "Sikupata habari. Marehemu ni nani?"

Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Ndipo Ma Anjelina akajibu, kwa Kihaya, bila kuinua uso. Neno moja. "Rweya."

Mgeni akamgeukia Ta Projestus ili atafsiriwe. Na Mama, ungeuona uso wa binamu yako! Neno lile lile. Nimeshakueleza tafsiri yake, ipo kwenye daftari la bwana shamba, na bwana shamba huyo amekaa hapo hapo soksi zimetoboka kidole. Angesema nini? Kwamba amefariki uwanda mtupu?

"Anasema, Ndugu Mgeni… Anasema aliyefariki ni…" Akafuta jasho. "Ni kule juu. Ni mahali…" Akanitazama, nikainama. Akaanza tena, na sauti yake ilikuwa nyingine, kama ile aliyokuwa nayo alipokuwa bado hana kalamu. "Ni mahali tunapokata nyasi za kutandika mtu akizaliwa, akioa, akifa. Tunapofunika kahawa zetu zisikauke. Wake zetu wanalima njugu kidogo kule, kisha wanaacha majani yarudi. Maji ya kunywa yanatoka chini yake. Mama aliyekuwa akipatunza amefariki kiangazi hiki, na hawa wanaona… wanaona kama anazikwa mara ya pili."

Kisha, kwa sauti ya chini, "Mimi nilisema ni patupu. Kiswahili changu ni cha shule."

Mtu mmoja nje akacheka, ikawa kama maji yamefunguliwa. Hata Ma Anjelina alitikisika mabega. Mgeni hakucheka. Aliuliza ni mbali kiasi gani.

Tukapanda wote. Kilima kilikuwa na umande, viatu vya mgeni vina soli ya mjini, akateleza mara mbili. Ma Anjelina akapiga kelele kutoka nyuma, "Mshikeni huyo, nyasi za msiba wa pili hatuna!" Akatafsiriwa, na safari hii akacheka. Walisimama kabatini muda mrefu, yeye na bwana shamba na Ta Projestus. Nikawaonyesha palipokatwa na palipoachwa. Nikawaonyesha maji yanavyojikusanya chini ya nyasi kabla hayajatoka. Sikusema mengi. Sesilia ndiye aliyesema. Alikuwa amepanda na mtoto mgongoni. Akasema, "Mimi nataka mahindi. Lakini na mimi nakunywa haya maji."

Usifikiri nimeshinda, Mama. Ningependa kukuandikia hivyo. Trekta lililima siku iliyofuata. Lilianzia chini barabarani likapanda, na mahali pote pa nyasi zenye vichwa vyekundu pamekwisha, ni udongo mweusi umegeuzwa, na ndege wa kila aina wanatembea juu yake wakila wadudu kama harusini. Nilikwenda kutazama nikashindwa kusimama, nikarudi. Kilichobaki ni sehemu ya juu, kuanzia jiwe kubwa mpaka chemchemi. Nayo haikubaki moja kwa moja. Bwana shamba aliniambia kwa upole, kalamu mkononi, kwamba ameandika mahali hapo panatumika, na kwamba atapita baada ya mvua kuona kama kweli panatumika. Panatumiwa na nani, aliniuliza, maana mwenye kupatumia amefariki. Akasubiri jina la kuandika.

Nikamwambia aandike jina langu. Baada ya kusema ndipo nilipokumbuka naishi Ijuganyondo.

Ndiyo maana sikai, Mama. Ndiyo maana naandika na kusimama. Kabati lako lipo kwa sababu ya jina langu, na jina langu lina mume na watoto na sufuria kwenye meko nyingine. Mara mbili nimefunga mzigo wangu nikaenda mpaka kituo cha basi. Mara ya pili konda alinitania: "Mama, unasafiri au unafanya mazoezi?"

Jana Sesilia alikuja. Tangu siku ile tulikuwa tunasalimiana tu, salamu fupi, maana shamba limepunguzwa na nilidhani ananilaumu. Alisimama pale penye mlango wa jikoni akaniambia sakafu ya nyumba yake ni vumbi, mtoto mdogo anakohoa, na mama mkwe wake anakuja kumtembelea kutoka walikotoka. Je, naweza kumtandikia? Halafu haraka, kabla sijajibu: "Lakini usinitandikie ya msiba. Mama mkwe mwenyewe ananisubiri nife."

Tulicheka mpaka tukashika ukuta.

Tukapanda naye. Nikampa mundu wako. Kidole chake gumba, Mama, kimekaa pale pale penye shimo lako, kama kimetengenezewa. Anakata vizuri kuliko mimi. Ana mikono mitulivu. Nilikuwa namwambia ruka hapa, acha pale, na nikajisikia nimesema "mpola" kabla sijajua nimesema. Tulipomaliza nyumba yake mwanamke wa nyumba inayofuata alikuwa amesimama nje anatazama. Kisha wa nyumba ya tatu. Nyumba zile zote za mabati, Mama, mistari kwa mistari, zote chini ni vumbi. Wewe hukuwahi kuwa na nyumba nyingi hivyo za kutandika.

Basi nimeamua, na nakuandikia ili nisirudi nyuma. Kesho napanda basi, na safari hii nitafika. Lakini kila majira ya kukata yakianza nitakuja, na Baba Koku hatakataa, atasema meza yake itapumzika. Nikiwa sipo, Sesilia atakata na atatandika. Bwana shamba akipita, atamkuta yuko kule na mundu mkononi. Jina lililoandikwa ni langu, lakini mikono itakuwa miwili yake na miwili yangu, na nyuma yake ni yako. Nakuahidi kuruka nitakapokata. Nakuahidi nyumba hizo zote, moja baada ya nyingine, hadi ile ya mwisho kule barabarani. Na mabawa ya senene nitayaomba, waniite kichaa.

Kitu kimoja nimekifanya leo kabla ya kufunga. Nyasi nilizokutandikia siku ile zilikuwa bado humu ndani. Zimekuwa nyeusi, zimevunjika, nilikuwa nikizipita bila kuzigusa. Leo nimezifagia zote nimezipeleka migombani. Nikaleta mzigo mpya kutoka chemchemini, nikatandika chumba chako chote, taratibu kweli, bila kukimbizwa na mtu. Nilipomaliza nilisimama mlangoni nikatazama kwa macho ya mgeni.

Ncha zinatazama ndani.

Lala salama, Mama. Na siku ukipita huku, usibishe hodi.

Mwanao,
Adventina